Ramanujan: Karani wa bandari aliyefeli mtihani, akaitikisa dunia ya hisabati

Na Mwandishi Wetu, Musoma

APRILI 26, 1920, katika nyumba moja kitongoji cha Chetpet jijini Madras, India, alifariki dunia kijana mwembamba aliyekuwa ameishi miaka 32 tu. Hakuacha shahada ya kawaida ya darasani, hakuacha mtoto wala mali. Aliacha madaftari yaliyojaa kanuni za namba, nyingi zikiwa hazina hata mstari mmoja wa maelezo.

Kijana huyo ni Srinivasa Ramanujan. Zaidi ya karne moja baadaye, wanahisabati wa vyuo vikuu vikubwa duniani bado wanayasoma madaftari hayo, na bado wanavumbua ndani yake mambo ambayo wakati wake hayakuwa hata na jina.

Kisa chake kinastahili kusomwa hapa kwetu kwa sababu moja kubwa. Mtu huyu, anayehesabiwa miongoni mwa vipaji adimu vya hisabati katika historia ya binadamu, alifeli mtihani wa chuo zaidi ya mara moja. Kwa kipimo cha mitihani, alikuwa ameshindwa maisha akiwa na miaka 20.

Katika nchi ambayo Hisabati kwa miaka mingi imekuwa somo lenye ufaulu mdogo kabisa katika mtihani wa kidato cha nne, ni vema kuuliza ni nini kilichomwokoa kijana huyo asipotee, na ni nini kilichokaribia kumpoteza.

Mtoto wa karani wa duka la nguo

Ramanujan alizaliwa Desemba 22, 1887 katika mji wa Erode, kusini mwa India, nyumbani kwa bibi yake mzaa mama. Alikulia Kumbakonam, mji wa mahekalu ulioko katika jimbo linaloitwa leo Tamil Nadu.

Baba yake alikuwa karani katika duka la nguo. Kazi yake ilikuwa kuandika mahesabu ya mwenye duka na kupima ubora wa vitambaa, kwa mshahara mdogo. Mama yake, Komalatammal, aliimba katika hekalu la jirani na kuongeza kidogo katika pato la nyumba. Familia ilikuwa ya tabaka la Wabrahmani, tabaka la juu kwa dini, lakini mfuko wake ulikuwa mtupu.

Akiwa na miaka miwili aliugua ndui, ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza watoto wengi wa eneo hilo. Alipona, ingawa makovu yake alibaki nayo usoni maisha yake yote. Baadhi ya wadogo zake walifariki wangali wachanga.

Shuleni aling'ara mapema. Mwaka 1897 alimaliza shule ya msingi akiwa wa kwanza katika wilaya nzima. Katika sekondari ya Kumbakonam alikuwa kijana mpole, mwenye kupendwa, ambaye wanafunzi waliomzidi umri walimfuata awasaidie maswali.

Mwaka 1903, akiwa na miaka 15, kikamwangukia mkononi kitabu kilichobadili maisha yake. Kiliandikwa na Mwingereza G. S. Carr, mwalimu aliyewaandaa wanafunzi kwa mitihani. Hakikuwa kitabu cha sifa kubwa. Kilikuwa mkusanyiko wa kanuni karibu 5,000, zimepangwa moja baada ya nyingine, nyingi zikiwa hazina uthibitisho.

Kwa mwanafunzi mwingine kitabu kama hicho kingekuwa cha kukariri. Ramanujan alikichukua kama mashindano. Alifunika jibu, akatafuta njia yake mwenyewe ya kulifikia, kisha akaendelea mbele hadi mahali ambapo mwandishi hakufika. Kutokana na kitabu hicho alijifunza pia tabia iliyokuja kumsumbua baadaye: kuandika matokeo na kuacha njia.

Mtihani wamkwamisha

Mwaka 1904 alimaliza sekondari kwa heshima zote, akapewa tuzo ya Hisabati na ufadhili wa kusoma chuo cha serikali cha Kumbakonam. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Chuoni alitakiwa kusoma Kiingereza, historia na masomo mengine. Yeye akili yake yote ilikuwa kwenye namba. Inaelezwa kwamba alikaa darasani kwenye vipindi vya masomo mengine huku akiandika hesabu zake. Alifeli, ufadhili ukafutwa, na familia haikuwa na uwezo wa kulipa ada.

Mwaka 1905 kijana huyo alitoroka nyumbani bila kuaga, akaenda Visakhapatnam, mamia ya kilometa kutoka kwao. Wazazi walihangaika kumtafuta hadi akapatikana.

Mwaka uliofuata alijaribu tena, safari hii katika Chuo cha Pachaiyappa jijini Madras. Katika Hisabati hakuwa na mpinzani. Katika fiziolojia, somo la utendaji wa mwili, aliambulia alama za aibu. Alifeli mtihani mwaka 1906, akarudia 1907 na kufeli tena. Mlango wa chuo kikuu ukawa umefungwa kabisa.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya dhiki. Alifundisha watoto wa watu kwa malipo madogo, akalala kwa marafiki, na kuna siku alishinda njaa. Karatasi zilikuwa ghali, hivyo alifanya hesabu zake kwa chaki juu ya kibao cha shule, akafuta kwa kiwiko cha mkono ili aendelee, na kuandika daftarini jibu la mwisho peke yake. Kwa njia hiyo hatua nyingi za fikra zake zilifutika moja kwa moja.

Julai 1909 alioa, kwa mpango wa mama yake na kwa desturi ya wakati huo, binti aliyeitwa Janaki. Binti huyo alikuwa na umri wa miaka 10, na hakwenda kuishi na mumewe mpaka miaka kadhaa baadaye. Mapema mwaka 1910 Ramanujan alihitaji kupasuliwa mabusha, familia ikakosa fedha, na daktari mmoja akajitolea kumfanyia bila malipo.

Watu waliomshika mkono

Akiwa sasa na mke wa kutunza, Ramanujan alianza kuzunguka akitafuta kazi, madaftari yake yakiwa kwapani. Hakuwa na cheti cha kuonyesha, akawa anaonyesha madaftari.

Mwaka 1910 alikwenda kwa V. Ramaswamy Aiyer, ofisa wa serikali aliyekuwa ameanzisha chama cha wanahisabati wa India. Aiyer alikuwa na uwezo wa kumpa kazi ndogo ya ukarani katika ofisi ya mapato. Baada ya kuyafungua madaftari aliona kwamba kumtupa kijana huyo katika ofisi kama hiyo kungekuwa kumzika, akamwandikia barua za utambulisho kwa watu wengine.

Barua hizo zilimfikisha kwa R. Ramachandra Rao, mtawala wa wilaya ya Nellore na mpenzi wa Hisabati. Rao alimtilia shaka mwanzoni. Alimsikiliza mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na mwisho akashawishika. Alimuuliza anataka nini, naye akajibu kwamba anahitaji riziki ya kumwezesha kuendelea na utafiti. Rao akaanza kumpa rupia 25 kila mwezi kutoka mfukoni mwake.

Mwaka 1911 makala yake ya kwanza ilichapishwa katika jarida la chama hicho. Machi 1, 1912 aliajiriwa karani katika idara ya uhasibu ya Mamlaka ya Bandari ya Madras kwa mshahara wa rupia 30 kwa mwezi. Rupia, ikumbukwe, ilikuwa wakati huo fedha ya pande hizi pia, kwani Wajerumani waliokuwa na boma lao hapa Musoma nao walilipa na kutoza kwa rupia.

Bahati ilikuwa upande wake. Mhasibu mkuu wa bandari, S. Narayana Iyer, naye alikuwa mwanahisabati, na mwenyekiti wa bandari, mhandisi Sir Francis Spring, alikuwa mtu wa kusikiliza. Kazi ya ofisini ilipokwisha, karani alirudi kwenye namba zake, na wakubwa wake hawakumfukuza. Walimhimiza aandike Uingereza.

Barua ya kwenda Cambridge

Barua za kwanza hazikuzaa matunda. Wanahisabati wawili wa Cambridge, H. F. Baker na E. W. Hobson, hawakumsaidia. Ni rahisi kuwalaumu leo, lakini profesa mwenye jina hupokea barua nyingi za watu wanaodai wamegundua makubwa, na nyingi ni upuuzi.

Januari 16, 1913 Ramanujan alimwandikia wa tatu, G. H. Hardy wa Chuo cha Trinity, Cambridge. Alijitambulisha kuwa karani wa bandari anayelipwa pauni 20 kwa mwaka, asiye na elimu ya chuo kikuu. Kisha zikafuata kurasa za kanuni.

Hardy, aliyekuwa na miaka 35 na tayari akiwa miongoni mwa vigogo wa hisabati Uingereza, aliitazama barua hiyo kwa mashaka. Baadhi ya kanuni alizijua. Nyingine hakuwahi kuona kitu cha kufanana nazo. Jioni alimwita mwenzake, J. E. Littlewood, wakakaa pamoja na zile karatasi. Kabla ya usiku kwisha walikuwa wamekubaliana kwamba mwandishi wake ni mwanahisabati wa daraja la juu kabisa. Hoja ya Hardy ilikuwa nyepesi: kanuni zile lazima ziwe za kweli, kwa kuwa hakuna tapeli ambaye angekuwa na ubunifu wa kuzitunga.

Si zote zilikuwa za kweli, hata hivyo. Ramanujan aliamini amepata kanuni ya kuhesabu kwa usahihi kabisa namba tasa, yaani zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, kama 2, 3, 5, 7 na 11. Alikosea. Aliachia mbali matatizo ambayo wataalamu wa Ulaya walikuwa wamekwisha kuyabaini. Hapo ndipo ilipoonekana hasara ya kusoma peke yake: aliyavumbua upya mambo yaliyokwisha kujulikana kwa miaka mingi, na penye mtego hapakuwa na wa kumwonya.

Hardy alijibu kwa kutaka uthibitisho. Sifa zake pekee zilitosha kufungua milango nyumbani. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Madras kikampa ufadhili wa utafiti wa rupia 75 kwa mwezi, yeye ambaye mitihani ilikuwa imemfungia nje.

Kuvuka bahari

Kwenda Uingereza lilikuwa jambo jingine. Kwa Mbrahmani mshika dini wa wakati ule, kuvuka bahari kulikuwa mwiko wa kumtenga mtu na jamii yake. Mama hakutaka kusikia. Inaelezwa kwamba alibadili msimamo baada ya kuota ndoto ambayo mungu wa kike wa familia yao, Namagiri, alimwamuru asimzuie mwanawe.

Mwanahisabati kijana E. H. Neville, aliyekuwa Madras kwa mihadhara, alitumwa na Hardy kumshawishi, na ndiye aliyesaidia kupatikana kwa fedha za safari. Machi 17, 1914 Ramanujan alipanda meli ya Nevasa, na Aprili 14 akashuka London. Mkewe alibaki India.

Kulikuwa na miezi michache ya heri. Agosti mwaka huo Vita Kuu ya Kwanza ikalipuka, vita ile ile iliyokuja kupiganwa hata katika ardhi ya Tanganyika. Littlewood aliitwa jeshini kukokotoa mwendo wa mizinga. Majengo ya Trinity yakageuzwa hospitali ya majeruhi. Chuo kilichokuwa kimejaa vijana kikawa kimya.

Ramanujan hakula nyama wala chochote kilichoguswa na nyama, hivyo alijipikia mwenyewe chumbani, huku vita ikifanya mboga na viungo kuwa adimu. Baridi ilimtesa. Mwanafunzi mwenzake kutoka India, P. C. Mahalanobis, aliyekuja baadaye kuwa mtakwimu mashuhuri, alimkuta siku moja akilala juu ya mablanketi akiwa amejifunika koti. Hakuwa ameonyeshwa kwamba Waingereza hulala katikati yake.

Mafungu ya samaki na siri za namba

Je, alifanya nini hasa? Sehemu kubwa ya kazi yake iko katika nadharia ya namba, tawi la hisabati linalochunguza tabia za namba nzima: 1, 2, 3 na kuendelea. Mfano mmoja unaweza kuelezwa na mchuuzi yeyote wa samaki pale Mwigobero.

Chukua sato wanne wa ukubwa mmoja. Waweza kuwauza kama fungu moja la wanne. Au fungu la watatu na mmoja peke yake. Au mafungu mawili ya wawili wawili. Au wawili pamoja na wengine mmoja mmoja. Au wote mmoja mmoja. Njia ni tano. Kwa sato watano njia ni saba. Kwa tisa njia ni 30. Kwa kumi ni 42.

Hadi hapo mtoto wa shule anaweza kuhesabu. Lakini kwa samaki 100 njia zinafikia 190,569,292, na kwa samaki 200 zinazidi trilioni tatu na bilioni mia tisa. Wanahisabati walikuwa na njia ya kuzihesabu hatua kwa hatua, ila hapakuwa na kanuni ya kuruka moja kwa moja hadi kwenye jibu.

Mwaka 1918 Ramanujan na Hardy walichapisha kanuni hiyo. Ofisa mstaafu wa jeshi, Percy MacMahon, alikuwa amekokotoa kwa mkono jibu la 200, na kanuni mpya ikatoa jibu lile lile. Mbinu waliyotumia imekuwa tangu wakati huo moja ya zana kuu za nadharia ya namba.

Katika orodha hiyo hiyo Ramanujan aliona kitu ambacho macho ya wengine yalikipita. Anzia sato wanne, kisha ongeza watano watano: 4, 9, 14 na kuendelea. Idadi ya njia za kupanga mafungu daima hugawanyika kwa tano bila kubaki kitu: 5, 30, 135. Akathibitisha kwamba hali hiyo haikomi, na akagundua kanuni za namna hiyo kwa 7 na kwa 11.

Alichunguza pia namba zenye vigawo vingi kupita zote zilizo ndogo kuliko zenyewe. Namba 12 hugawanyika kwa 1, 2, 3, 4, 6 na 12, na hakuna iliyo chini yake inayoifikia. Namba 60 ina vigawo 12. Si ajabu kwamba wafanyabiashara waliipenda dazani na wenye saa wakaipenda 60. Kwa kazi hiyo Cambridge ilimtunuku shahada mwezi Machi 1916, ikimruhusu kuipata kwa utafiti bila ya kupitia mitihani iliyomshinda nyumbani.

Hardy alikuwa na mtihani wa aina yake. Alitakiwa kumfundisha mtu huyu umuhimu wa uthibitisho bila kuua kile kipaji cha kuona jibu kabla ya njia. Wawili hao walitofautiana karibu kwa kila kitu. Hardy hakuamini Mungu. Ramanujan alisema kanuni zake huletwa na Namagiri ndotoni. Hardy alidai hoja iliyonyooka. Ramanujan alikuja asubuhi na kanuni mpya kadhaa. Hata hivyo walifanya kazi pamoja, na Hardy alitamka baadaye kwamba yeye alijifunza kutoka kwa Ramanujan kuliko alivyomfunza.

Maradhi, heshima na upweke

Mwaka 1917 Ramanujan aliugua vibaya. Madaktari waliamini ni kifua kikuu, akawa anahamishwa kutoka sanatoria moja hadi nyingine. Uchunguzi wa kumbukumbu zake za tiba uliochapishwa mwaka 1994 ulipendekeza kwamba huenda ilikuwa amiba ya ini, maradhi ambayo hata wakati ule yangeweza kutibika kama yangetambuliwa.

Mwili haukuumia peke yake. Barua kati yake na mkewe zilikuwa hazifiki; waandishi wa maisha yake wanaeleza kwamba mama, aliyekuwa hapatani na mkwewe, alizizuia. Mapema mwaka 1918 alijitupa kwenye reli ya treni ya chini ya ardhi jijini London. Mlinzi mmoja aliizuia treni hatua chache kabla ya kumfikia.

Ndipo heshima zikamfuata. Mwaka huo huo alichaguliwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya London, Mhindi wa pili kupata nafasi hiyo tangu mwaka 1841. Oktoba 1918 akawa Mhindi wa kwanza kuchaguliwa mshirika wa Chuo cha Trinity.

Ni katika siku hizo za ugonjwa, huko Putney, ambapo Hardy alimtembelea na kumweleza kwamba teksi aliyokuja nayo ilikuwa na namba 1729, ambayo kwake haikuwa na mvuto. Ramanujan alimpinga pale pale kitandani. Namba hiyo, alieleza, ni ndogo kuliko zote zinazopatikana kwa kujumlisha vipeo viwili vya tatu kwa njia mbili tofauti. Msomaji anaweza kuhakiki: 12 kipeo cha tatu ni 1728, ongeza 1, na 10 kipeo cha tatu ni 1000, ongeza 9 kipeo cha tatu ambayo ni 729. Majibu yote mawili ni 1729.

Chuo Kikuu cha Madras kilimtengea posho ya pauni 250 kwa mwaka. Januari 1919, akiwa bado mgonjwa, aliandika kwamba fedha hizo zinazidi mahitaji yake. Aliomba pauni 50 wapewe wazazi wake, na kitakachobaki baada ya matumizi yake ya lazima kisaidie elimu, hasa kupunguza ada za watoto maskini na yatima. Aliyefukuzwa chuo kwa kukosa ada hakuwa amesahau.

Mwaka wa mwisho

Alirejea India Machi 1919, akapokewa kama shujaa, lakini afya haikurudi. Janaki, sasa mwanamke kijana, alimuuguza mchana na usiku. Hata hapo hakuacha kuandika. Januari 1920 alimtumia Hardy barua ya mwisho yenye aina mpya ya kanuni, ambazo ilichukua wanahisabati zaidi ya miaka 80 kuzipatia maelezo kamili.

Alipofariki, inaelezwa kwamba baadhi ya jamaa washika dini hawakufika mazikoni, kwa kuwa marehemu alikuwa amevuka bahari. Janaki alibaki mjane, akajitegemea kwa posho ndogo na kazi ya kushona, akamlea mtoto yatima. Aliishi hadi mwaka 1994.

Madaftari yasiyokwisha

Mwaka 1976 mwanahisabati Mmarekani George Andrews, akipekua masanduku katika maktaba ya Chuo cha Trinity, alikuta karatasi zaidi ya 100 zenye mwandiko wa Ramanujan, nyingi zikiwa za mwaka wake wa mwisho. Mwenzake Bruce Berndt alitumia miaka mingi kuyathibitisha madaftari ya awali, kanuni kwa kanuni, katika vitabu vitano vilivyotoka kati ya 1985 na 1998. Nyingi ya kanuni hizo zilionekana kuwa sahihi.

Mwaka 1985 kanuni yake moja ilitumika kwenye kompyuta kukokotoa namba ya duara, pai, hadi tarakimu milioni 17. Dhana yake nyingine ilithibitishwa na Pierre Deligne mwaka 1974, na kutokana nayo wataalamu wamebuni namna za kuunganisha mitandao kwa ufanisi. Nadharia ya namba kwa jumla, ambayo Hardy alijivunia kuwa haina matumizi vitani wala sokoni, ndiyo inayofunga leo siri za benki na za fedha zinazotumwa kwa mtandao.

India huadhimisha Desemba 22 kuwa Siku ya Taifa ya Hisabati tangu mwaka 2012. Kituo cha kimataifa cha fizikia cha Trieste, Italia, hutoa tuzo yenye jina lake kwa wanahisabati vijana wa nchi zinazoendelea, tangu mwaka 2005.

Somo kwetu

Namba si mgeni katika ukanda huu wa maziwa. Huko Ishango, kando ya Ziwa Edward mashariki mwa Kongo, mwaka 1950 ulichimbuliwa mfupa wenye alama zinazodhaniwa kuwa za kuhesabia, unaokadiriwa kuwa na miaka 20,000 hivi. Safu yake moja ina mafungu ya 11, 13, 17 na 19, namba tasa zote zilizoko kati ya 10 na 20. Wataalamu wanabishana kama ni makusudi au ni sadfa.

Itakuwa kosa kusoma kisa cha Ramanujan na kuhitimisha kwamba kufeli ni dalili ya kipaji. Wengi wanaofeli hufeli kwa kukosa walimu, vitabu na muda. Itakuwa kosa pia kudhani kwamba kipaji hujiokoa chenyewe. Cha Ramanujan kiliokolewa na orodha ya watu: ofisa aliyekataa kumpa kazi ya kumzika, mtawala wa wilaya aliyetoa rupia 25, mhasibu mkuu ambaye hakumwonea gere karani wake, na mwanahisabati aliyesoma barua hadi mwisho.

Kati ya hao, ni mmoja tu aliyekuwa mwanahisabati wa nchi ya mbali. Wengine walikuwa watumishi wa kawaida wa serikali na bandari, watu wa aina inayopatikana katika kila mji, Musoma ikiwamo.

Miongoni mwa vijana wanaokaa nyuma ya kaunta za maduka ya Mukendo baada ya matokeo kutoka, wakijumlisha mauzo ya siku, huenda hayumo Ramanujan. Huenda pia yumo. Kwa mtihani peke yake hatutajua, na Madras nayo isingejua kama mtu mmoja asingekubali kufungua daftari la kijana aliyefeli na kulisoma.